Kuthibitisha kipato kwa viza ya muda mrefu ukiwa Tanga

"Akaunti inatakiwa iwe na milioni ngapi?" Swali hili hunifikia kabla salamu haijakamilika. Anauliza kijana wa Makorora aliyepata chuo Ujerumani, anauliza dada wa Chumbageni ambaye mumewe yuko Uingereza, anauliza mzee mstaafu anayetaka kwenda kukaa Hispania karibu na mwanawe. Nimechoka kujibu vipande vipande, hivyo nimeyaweka yote hapa.

Kiasi ni nusu tu ya jambo. Afisa wa viza anataka pia kuona pesa imetoka wapi, imeingia lini, ni ya nani, na kama itaendelea kuwepo ukishafika huko. Milioni arobaini zilizoingia juzi kwa mkupuo, bila maelezo, zinatia shaka kuliko kukutetea.

Viza ninayoizungumzia ni ya kukaa zaidi ya siku 90: masomo, kuungana na mwenza, kuishi kwa pensheni na mengine ya namna hiyo. Ile ya matembezi ya Schengen, yaani siku 90 ndani ya kila siku 180, ina taratibu zake, na humu haimo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Pasipoti, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Viweke mezani pamoja usome majina herufi kwa herufi.
- Akaunti ya benki kwa jina lako ambayo imekuwa ikitumika angalau miezi 6.
- Laini ya simu ya miamala iliyosajiliwa kwa jina lako wewe, si la shemeji.
- TIN, kama una biashara yoyote.
- Orodha ya nyaraka kutoka kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, uliyoichapisha wiki hii. Picha ya skrini uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp si orodha. Viwango hubadilika na picha haibadiliki.
- Muda. Miezi mitatu ni ya kubanana, sita ndiyo inayotosha.

Hatua ya 1: Jua unaulizwa nini hasa

Nchi huuliza mambo matatu tofauti, na wengi hujibu lisiloulizwa.

*Akiba.* Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani huonyesha euro 11,904 za mwaka mzima, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto: unaweka pesa yote kabla ya kusafiri, nayo inakufungulia euro 992 kila mwezi ukishafika. Ufaransa humtaka mwanafunzi aonyeshe angalau euro 615 kwa mwezi. Uingereza, tangu Novemba 2025, inataka pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9, mbali na ada ambayo hujaimaliza. Kwa chuo cha nje ya London hiyo ni pauni 10,539.

Uingereza ina sharti linaloangusha wengi. Pesa hiyo ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Ukichomoa laki tano siku ya 20 kwa sababu kuna msiba, salio likashuka chini ya kiwango, ukairudisha kesho yake, unaanza kuhesabu upya kuanzia siku uliyorudisha. Ndiyo maana huwaambia watu waweke zaidi ya kiwango, na matumizi ya nyumbani yatoke akaunti nyingine kabisa.

*Kipato kinachoendelea.* Viza ya Hispania ya kuishi kule bila kufanya kazi hupimwa kwa kipimo chao cha kipato kiitwacho IPREM. Mwombaji anaonyesha mara nne ya kipimo hicho. IPREM ikiwa euro 600 kwa mwezi, yeye anatakiwa awe na euro 2,400, na kila tegemezi anaongeza euro 600. Pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi haifiki huko. Ni afadhali mzee aambiwe hivyo mapema, aangalie kama ana akiba ya kujazia, kuliko kugundua akiwa amekwisha kulipa ada na nauli.

*Mdhamini.* Hapa ndipo dada zetu hupoteza nguvu nyingi bure. Viza ya Uingereza ya kuungana na mwenza ina kiwango cha pauni 29,000 kwa mwaka, tangu Aprili 2024. Kwa mwombaji aliye huku, kinachohesabiwa upande wa ajira ni mshahara wa mwenza aliyeko kule. Faida ya duka lako la vitenge Ngamiani haiingii, hata iwe nono vipi. Akiba inaweza kuingia, lakini anayetegemea akiba peke yake anatakiwa kuwa na pauni 88,500 zilizokaa miezi 6. Kwa hiyo usihangaike na risiti za TRA. Mwambie mumeo akutumie slipu zake za mshahara, barua ya mwajiri na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara huohuo ukiingia.

Hatua ya 2: Chora njia ya pesa yako

Chukua karatasi tupu. Kushoto andika pesa inapotoka, kulia andika benki, katikati andika kila inapopitia. Mfano wa mfanyabiashara wa samaki: soko la Deep Sea, mkononi, wakala, simu, benki. Kisha tazama kila mshale: una karatasi inayouthibitisha? Pasipo na karatasi weka alama ya X. Hizo X ndizo kazi yako ya miezi inayokuja.

Kwa kawaida X huwa kati ya biashara na benki. Sisi tunalipa mzigo kwanza, tunalipa vibarua, tunakula, kinachobaki kinalala kwenye kibubu. Benki haijui lolote. Anza leo kufanya kinyume: mauzo yaingie kwanza benki au kwenye Lipa Namba, ndipo utoe matumizi. Utalipa makato, ndiyo. Hayo makato ndiyo bei ya ushahidi.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi za kazi yako

Mwajiriwa ana kazi nyepesi: mkataba wa ajira, slipu za mshahara za miezi 3 hadi 6, na barua ya mwajiri yenye cheo chako, tarehe ya kuanza kazi, mshahara kabla na baada ya makato, pamoja na simu ya ofisini inayopokelewa. Mtumishi wa umma anazipata slipu zake kwenye mfumo wa watumishi mtandaoni. Cha kuangalia ni kimoja: kiasi kilichoandikwa kwenye slipu kama malipo halisi kiwe kilekile kilichoingia benki, hadi shilingi ya mwisho. Kama mkopo wa saccos unakatwa kabla, uonekane kwenye slipu.

Mstaafu aombe barua ya mfuko inayotaja pensheni yake ya kila mwezi. Waliokuwa PSPF, LAPF, PPF au GEPF sasa wote wanahudumiwa na PSSSF, kwa hiyo kadi ya zamani isikuzungushe. Wa sekta binafsi, NSSF.

Mwenye nyumba za kupangisha alete mikataba ya pango, hati au leseni ya makazi, na ushahidi kuwa kodi ya nyumba inaingia benki. Kama mpangaji wako ni kampuni au ofisi, anatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA. Mdai karatasi ya zuio hilo, ina uzito mkubwa.

Mfanyabiashara ndiye mwenye safari ndefu, na Tanga karibu kila mtu ni mfanyabiashara wa kitu fulani. Kusanya:

1. Usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA.
2. Leseni ya biashara ya halmashauri, iliyo hai. Iliyokwisha mwezi uliopita ni sawa na kutokuwa nayo.
3. Makadirio ya kodi kutoka TRA na stakabadhi za malipo yake kwa kila awamu, zenye kumbukumbu namba.
4. Cheti cha TRA cha kutodaiwa kodi.
5. Hesabu za biashara. Kwa duka dogo, muhtasari wa mauzo na matumizi kwa kila mwezi unatosha kuanzia. Ubalozi ukitaka hesabu zilizokaguliwa, tafuta mhasibu aliyesajiliwa.

Sasa lile linalouma. Wengi wetu tuko kwenye utaratibu wa makadirio, ule wa mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Mtu anamwambia ofisa wa TRA kwamba mauzo yake ni milioni 9 kwa mwaka, kisha anauambia ubalozi kwamba anapata milioni 3 kila mwezi. Karatasi hizo mbili zinalala kwenye faili moja, ukurasa wa sita na ukurasa wa kumi na moja. Afisa hahitaji kwenda popote, anafunua tu. Kama mauzo yako yamekua, nenda TRA ukarekebishe makadirio na ulipe inavyostahili, kisha uache muda upite kabla ya kuomba viza. Hakuna barua ya maelezo itakayoziba pengo hilo.

Mkulima na mvuvi msikate tamaa. Mwenye mkonge chini ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ana kumbukumbu za malipo ya chama. Ziombe zikiwa na muhuri. Wa machungwa Muheza, anayelipwa taslimu shambani na mnunuzi wa lori, aombe mkataba mfupi wa mauzo wenye tarehe, kiasi na saini, atunze kopi za stakabadhi za ushuru wa mazao za halmashauri, na siku hiyohiyo pesa iende benki. Mvuvi awe na leseni ya uvuvi ya mwaka husika na daftari la mauzo lililogongwa muhuri wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ya mwalo wake. Kipato cha msimu kinakubalika kikielezwa kuwa ni cha msimu. Toa taarifa ya benki ya miezi 12 badala ya 6 ili mavuno mawili yaonekane na miezi mikavu isionekane kama umefilisika.

Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha unapoishi. Mwenyekiti hajui mshahara wako, msimlazimishe auandike.

Hatua ya 4: Toa taarifa ya benki, kisha isome kabla ya afisa

Nenda tawini uombe taarifa ya miezi 6, kila ukurasa na muhuri na saini. Omba pia barua ya benki inayotaja jina lako kamili, namba ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa na salio la siku hiyo. Taarifa uliyoipakua kwenye programu ya simu ipeleke tawini igongwe muhuri.

Toa kopi, na kwenye kopi (si kwenye karatasi halisi) pigia mstari wa rangi kila pesa iliyoingia ambayo ni kubwa kuliko kawaida yako. Kama kawaida yako ni laki tatu hadi nne, basi milioni mbili ni kubwa. Kila mstari uliopigwa rangi unadai jibu: nani alituma, kwa sababu gani, na ushahidi uko wapi. Usipokuwa na jibu, afisa atajijibu mwenyewe.

Tazama pia maneno yanayoambatana na miamala. "Cash deposit" kumi na mbili mfululizo kwa jina la mtu mwingine aliyekupelekea pesa benki, hilo nalo litaulizwa. Ukimtuma kijana wa dukani akaweke, mwambie ataje kuwa ni mauzo ya duka.

Onyo: mjini wapo wanaokodisha salio. Wanakuwekea milioni kumi na tano, unatoa taarifa, wanazichukua na chao juu. Na wapo wanaochukua mkopo wa kausha damu kwa kazi hiyohiyo. Pesa inaonekana ikiingia Jumatatu na kutoka Ijumaa, na riba inabaki kwako hata viza ikikataliwa. Taarifa ya kughushi ni mbaya zaidi: Uingereza peke yake inaweza kukufungia maombi yako kwa miaka 10.

Hatua ya 5: Miamala ya simu

M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa hutoa taarifa za miamala kwenye programu zao au kwenye maduka yao ya huduma. Ni ushahidi mzuri wa kuunga mkono, hasa ya Lipa Namba, kwa sababu inaonyesha wateja wengi wakilipa kidogo kidogo kila siku, na hilo ni gumu kulitengeneza. Lakini usiifanye nguzo kuu. Hamisha pesa kutoka simu kwenda benki kwa siku maalumu, tuseme kila Ijumaa, ili taarifa mbili zisomane: kilichotoka huku kiwe ndicho kilichoingia kule.

Hatua ya 6: Andika barua ya maelezo

Ukurasa mmoja, miwili ikizidi. Usisimulie maisha. Sema unafanya kazi gani, unapata kiasi gani kwa mwezi kwa wastani, na kipato hicho kitakuwaje ukiwa nje: nani atasimamia duka, au likizo ya masomo inalipwa au la. Kisha weka orodha ya pesa kubwa ulizozipigia rangi. Hivi:

- 12 Machi, sh 3,000,000: zamu yangu ya mchezo wa kikundi cha sokoni. Ushahidi: nakala ya daftari la kikundi na barua ya katibu, ukurasa wa 14.
- 2 Aprili, sh 5,500,000: nimeuza pikipiki. Ushahidi: mkataba wa mauziano mbele ya wakili na kopi ya kadi, ukurasa wa 16.
- 20 Mei, sh 1,800,000: kaka yangu amenichangia ada. Ushahidi: barua yake, taarifa yake ya benki na vyeti vyetu vya kuzaliwa, ukurasa wa 19.

Namba za kurasa ni muhimu. Afisa ana mafaili mengi, na mtu aliyemrahisishia kazi husomwa kwa moyo mweupe.

Hatua ya 7: Kama unadhaminiwa

Barua ya mjomba ya "nitamsaidia kwa kila hali" haina thamani peke yake. Mdhamini anathibitisha kipato chake kama ambavyo wewe ungethibitisha chako, hatua zote za juu, kisha anathibitisha undugu. Kwa mwanafunzi wa Uingereza anayetumia pesa ya wazazi, panatakiwa cheti cha kuzaliwa kinachotaja mzazi huyo na barua yake ya ridhaa. Ujerumani ina hati rasmi ambayo mdhamini anayeishi huko huisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, inaitwa Verpflichtungserklärung. Mwambie ndugu yako kabla hajasaini kwamba hati hiyo inamfunga kwa miaka 5: serikali ikitumia pesa kukutunza, atadaiwa yeye. Undugu wetu wa "wewe saini tu" usimwingize mtu kwenye deni asilolijua.

Hatua ya 8: Tafsiri, kopi na safari

Taarifa za benki huwa tayari kwa Kiingereza. Daftari la kikundi, mkataba wa pango na barua ya AMCOS huwa kwa Kiswahili, na zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo. Kopi zithibitishwe na wakili. Kwa hesabu ya kubadili fedha, tumia viwango vya Benki Kuu ya Tanzania vya siku uliyotoa taarifa na uandike tarehe hiyo. Uingereza wao hutumia viwango vya tovuti ya OANDA, kwa hiyo fanya hesabu yako kwa hivyo.

Miadi iko Dar. Kutoka stendi ya Kange ni kilomita kama 350, na njia ya Segera na Chalinze haina huruma na mwenye miadi ya saa mbili asubuhi. Nenda siku moja kabla. Karatasi halisi zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti la basi.

Ukikwama

*Majina hayafanani.* Pasipoti inasema Mwanahamisi, benki imeandika Mwanahamis, NIDA ina jina la babu ambalo benki haina. Benki ikirekebisha, vizuri. Isiporekebisha haraka, kula kiapo kwa wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na uambatishe hati hiyo ya kiapo mbele ya taarifa ya benki, si mwisho wa faili.

*Mwajiri analipa mkononi na hataki kuandika barua.* Muombe akulipe kwa simu au benki kuanzia mwezi huu, hata kama barua hatoi. Baada ya miezi 6 una mlolongo unaosomeka. Asipokubali hata hilo, kipato hicho kwa ubalozi hakipo. Tafuta njia ya mdhamini.

*Shilingi imeshuka na salio halifiki tena.* Ongeza kabla ya kutuma maombi. Kwa sheria ya siku 28 angalia kila siku ya kipindi chote, si ya mwisho tu.

*Akaunti ni mpya.* Ambatisha taarifa ya akaunti ya zamani ulikohamisha pesa, hadi siku ulipoifunga.

*Ubalozi umekupigia simu au umeandika barua pepe ukitaka nyaraka zaidi.* Jibu ndani ya muda waliotoa, na utume walichoomba tu. Ukiwatumia lundo, utazua maswali mapya.

*Umekataliwa.* Soma barua ya kukataliwa neno kwa neno; sababu imeandikwa humo. Ujerumani imefuta tangu Julai 2025 ule utaratibu wa kupinga kwa barua ubalozini, kwa hiyo kilichobaki ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya. Kwa wengi kuomba upya ndiyo njia nafuu, ila usipeleke faili lilelile. Na fomu mpya ikiuliza kama umewahi kunyimwa viza, jibu ndiyo, uambatishe barua ile, kisha uonyeshe ni karatasi gani imeongezeka tangu siku hiyo.